Kiwavi mwenye pembe wa viazi vitamu: jinsi ya kumlea hadi aruke

Ukipita kwenye mashamba ya viazi vitamu kuanzia Kabondo hadi Busia, magharibi mwa Kenya, wiki kadhaa baada ya mvua kushika, utakuta rando limebaki vijiti vitupu, na chini yake punje nyeusi kubwa kama pilipili manga. Aliyefanya kazi hiyo hayuko mbali. Ni kiwavi mnene kama kidole, urefu wake sentimita 8 hadi 10 akikomaa, na mkiani ana pembe moja iliyopinda. Wengi humponda kwa jembe wakidhani pembe hiyo ni mwiba wa sumu. Ni laini kama kucha ya mtoto. Haichomi wala haina sumu, na mataya yake yaliumbwa kukata majani tu.

Akiachwa amalize safari yake hugeuka nondo mkubwa wa kijivu, Agrius convolvuli, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 8 hadi 12. Mgongo wa mabawa una madoadoa kama gome la mti, lakini ubavuni mwa tumbo kuna mistari ya waridi na nyeusi inayopokezana. Anaruka giza linapoingia, akisimama hewani mbele ya ua bila kutua, na mrija wake wa kunyonya ni mrefu kuliko mwili wake wote. Carl Linnaeus ndiye aliyemwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1758. Jina la convolvuli linatokana na mimea inayotambaa na kujisokota, jamii moja na viazi vitamu.

Kumlea kutoka yai hadi nondo huchukua wiki 6 au 7 Kisumu, penye joto. Nakuru, ambako usiku ni wa baridi, hesabu zaidi. Kumlisha si kazi ngumu hata kwa mtoto wa darasa la nne. Wanaoshindwa hushindwa mara mbili: siku kiwavi anapotafuta udongo, na usiku nondo anapotoka kwenye pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hulala akigeuka nondo. Mambo hayo mawili ndiyo yamepewa nafasi kubwa hapa.

Vifaa

- Bakuli la plastiki la lita 2 lenye kifuniko, moja kwa kila kiwavi.
- Ndoo ya lita 10 ya kutilia udongo. Ndoo ya rangi iliyosuguliwa vizuri inafaa. Iliyowahi kubeba dawa ya shambani haifai hata ukiiosha mara kumi.
- Mita moja ya shela au kitambaa chepesi cha pazia.
- Magazeti, tishu, kijiko, rula na chupa ya kunyunyizia maji.
- Kijiti kikavu chenye gome la kukwaruza, urefu wa sentimita 40 hivi.

Zingatia hilo la shela. Neti ya mbu inayogawiwa kwenye zahanati huwa imetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haibagui mbu na kiwavi. Ukifunika bakuli kwa kipande cha neti kuukuu, kiwavi ataanza kutetemeka na kutapika maji ya kijani, na kesho yake utamkuta amelegea. Mambo ni yayo hayo kwa dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza. Chumba kinachopuliziwa kila jioni si chumba cha kufugia. Hamishia bakuli jikoni au barazani, mahali pasipo na jua la moja kwa moja, kwa sababu bakuli lililofunikwa likipigwa na jua la saa sita hupika kilichomo kwa muda mfupi sana.

Sisimizi nao wanaweza kummaliza kiwavi mdogo kwa usiku mmoja. Simamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji, na juu ya maji tia tone la mafuta ya kupikia. Kuku na mijusi huhitaji kifuniko tu.

Kumtafuta shambani

Nenda marando yakiwa yamekwisha kufunika tuta. Kabla ya hapo hakuna majani ya kumvutia nondo jike kutaga. Omba ruhusa ya mwenye shamba, na muulize swali moja la lazima: ni lini alipuliza dawa, na alipuliza wapi? Tangu kiwavijeshi vamizi aingie Kenya mwaka 2017, mahindi mengi ya magharibi hupuliziwa, na viazi vitamu mara nyingi vimepandwa ubavuni mwa mahindi. Upepo hupeperusha dawa hadi kwenye majani unayotaka kuyachuma. Jani lenye dawa halionyeshi dalili yoyote kwa macho.

Usitafute kiwavi, tafuta kinyesi. Punje zake zina umbo la pipa dogo lenye mifereji ubavuni. Punje kavu na iliyopauka ni ya juzi. Iliyo nyevu na ya kijani kilichoiva ni ya leo. Ukipata ya leo, piga magoti na uangalie upande wa chini wa majani na mashina yaliyo juu yake, nusu mita kila upande. Kiwavi wa kijani ana mistari ya mshazari ubavuni inayovunja umbo lake, kwa hiyo jicho humpita mara tatu kabla ya kumwona. Wapo pia wa kahawia iliyokolea. Si aina nyingine, wala si dume na jike: rangi tu. Usiku kwa tochi kazi huwa rahisi zaidi kwa kuwa hutoka kula.

Mayai ni bora kuliko viwavi, ukiwa na subira. Yai ni la mviringo, kijani linalong'aa, zaidi kidogo ya milimita 1, na limewekwa peke yake juu au chini ya jani. Ukikuta mayai mengi yamepangwa kwa kundi, hayo ni ya kipepeo wa viazi vitamu, Acraea acerata. Watoto wake wana miiba yenye matawi na huishi kwa pamoja ndani ya utando. Usiyachukue.

Kwa nini mayai, au viwavi wa sentimita 2 hadi 4, na si yule jitu uliyemwona kwanza? Kwa sababu kadiri kiwavi anavyokaa shambani ndivyo anavyozidi kupata wapangaji. Kuna nzi wenye manyoya magumu wanaobandika mayai meupe kwenye ngozi yake, hasa nyuma ya kichwa. Kuna nyigu wadogo ambao watoto wao hula ndani kisha hutoka na kusokota vifuko vyeupe kama punje za mchele mgongoni. Kiwavi mkubwa anaweza kula vizuri nyumbani kwako wiki nzima, akaingia udongoni, na badala ya pupa ukachimbua vidonge vya kahawia vya nzi. Akiwa na doa jeupe gumu lisilotoka kwa kidole, au alama nyeusi kama kovu la kuchomwa, mrudishe. Usimwue: wale nyigu na nzi ni askari wa mkulima.

Viwavi wengine wenye pembe wanaweza kukuchanganya. Mwenye macho mawili ya kuchorwa karibu na kichwa, na mbele amechongoka, ni Hippotion celerio. Yeye hula pia nduma na mizabibu. Hulelewa kwa njia hiihii, ila yeye hachimbi chini sana: hujifungia juu ya udongo kati ya majani makavu, kwa hiyo mpe majani makavu ya kutosha. Kwenye waru, nyanya au mnanaha, ukikuta mwenye pembe chafu yenye chembechembe iliyojikunja mkiani, na mwili wa manjano au kijani wenye mistari ya zambarau, huyo ni Acherontia atropos, mwenye alama ya fuvu la kichwa mgongoni akiwa nondo. Wafugaji wa nyuki humjua kwa sababu huingia mizingani usiku kunyonya asali, na akishikwa hulia kama panya. Huyu wetu wa viazi vitamu halii.

Mpaka mmoja wa kuheshimu: ndani ya Msitu wa Kakamega au Mbuga ya Ziwa Nakuru huchukui kiumbe hai bila kibali. Shamba la jirani linatosha.

Kumlisha

Yai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5 Kisumu. Acha kipande cha jani lenye yai juu ya jani bichi, ndani ya kikopo kidogo kilichofunikwa, bila maji. Mtoto anayetoka ana milimita chache tu, lakini pembe yake nyeusi tayari ni ndefu kupita kiasi, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba. Usimguse kwa vidole. Mhamishe kwa ncha ya brashi ya rangi, au kata jani alilosimama na uliweke juu ya jingine.

Kuanzia hapo kazi yako ni majani mabichi kila siku, na usafi. Tandika gazeti chini ya bakuli na ulibadilishe kila asubuhi. Chuma majani machanga kiasi kwa wadogo, na yaliyokomaa kwa wakubwa. Yaoshe, kisha yakung'ute na kuyafuta hadi yakauke. Jani lenye matone ya maji humletea kuhara: kinyesi kinakuwa uji wa kijani badala ya punje, na ndani ya bakuli lililofungwa maradhi hayo hayana tiba. Ukiona uji, hamishia kiwavi kwenye bakuli kavu, toboa matundu zaidi kifuniko, na mpe jani lililonyaukanyauka kidogo. Wengine hupona.

Ukitaka majani yasinyauke haraka, chomeka rando kwenye chupa ndogo ya maji. Mdomo wa chupa uzibe kwa pamba kabisa, usiache upenyo. Kiwavi hushuka kwa kufuata shina hadi mwisho, na mwisho ukiwa ni maji hujitosa na kufa. Ajali hii huua viwavi wengi.

Huwezi kumbadilishia mboga. Sukuma wiki, mchicha na kabichi ataviacha afe na njaa. Ukiishiwa na viazi vitamu, mmea wa porini wa jamii hiyo wenye maua ya tarumbeta ya zambarau unaopanda kwenye ua unaweza kukusaidia, lakini ukianza na kimoja ni afadhali umalize nacho.

Atajivua ngozi mara nne. Siku moja kabla, huacha kula, hung'ang'ania jani au kifuniko kwa utando mwembamba wa hariri na kutulia na kichwa kikionekana kidogo mno mbele ya shingo iliyovimba. Watu humdhania mgonjwa, humbandua na kumweka kwenye jani bichi. Miguu ya ngozi ya zamani ikishatoka kwenye hariri, hana pa kujishikia akijivuta, na ngozi humkaba mkiani. Mwache. Kama yuko juu ya jani linalonyauka, hamisha jani lote pamoja naye.

Kipindi cha mwisho, baada ya kujivua mara ya nne, ndipo tumbo linapofunguka. Zaidi ya robo tatu ya majani yote atakayokula maishani huyala wakati huo. Ukiwa na viwavi watano, hakikisha mapema kwamba una tuta zima la kuchuma, si majani ya kikapu kimoja. Na kila mmoja akae peke yake: wakibanana hawapigani, ila hutafunana kwa bahati mbaya, na utaona pembe zilizokatwa na majeraha yanayovuja maji ya kijani.

Kwa Kisumu, iliyo kando ya ziwa kwenye mita 1,130 hivi, hatua ya kiwavi huchukua karibu wiki 3. Nakuru, iliyo juu ya mita 1,800, ongeza wiki moja au mbili, na usijaribu kufidia kwa kuweka bakuli karibu na jiko la makaa. Moshi na joto la kupanda na kushuka humdhuru kuliko baridi.

Udongo

Tayarisha ndoo kabla hujaihitaji. Changanya sehemu mbili za udongo wa shamba na sehemu moja ya mchanga, chekecha kokoto na mizizi itoke, kisha pasha mchanganyiko kwenye sufuria kuukuu yenye maji kidogo na kifuniko kwa nusu saa, ukipoa uutie kwenye ndoo. Mvuke unaua mayai ya sisimizi, funza na ukungu. Udongo mzito mweusi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, usiutumie peke yake: ukikauka hupasuka na kubana kama simenti.

Kina kiwe sentimita 15 angalau. Shambani huchimba hadi sentimita 8 au 10, na huhitaji nafasi ya kujitengenezea chumba chini. Unyevu upime kwa kiganja: shika udongo, ufumbe mkono. Ukitoa maji kati ya vidole, umezidi. Ukifungua mkono tonge likamwagika lenyewe, umepungua. Unaofaa hubaki tonge, na ukiligusa kwa kidole linavunjika.

Dalili za kwamba siku imefika hazifichiki ukizijua. Kiwavi hukataa chakula. Rangi ya mgongo hufifia na kuwa chafu, kana kwamba amepakwa chai. Hutoa kinyesi kimoja cha mwisho kilicholowa. Kisha huanza kukimbia. Mnyama aliyekaa wiki tatu kwenye shina moja sasa anazunguka bakuli bila kupumzika, akisukuma kichwa kwenye kila kona. Mchukue saa hiyohiyo, mweke juu ya udongo, funika ndoo kwa shela na uifunge kwa kamba. Aliye tayari huzama chini ndani ya saa chache.

Akizungukazunguka siku nzima juu ya udongo, kuna kitu hakipendi. Mara nyingi ni ukavu. Nyunyiza maji kidogo juu, chimba shimo la kidole, na uelekeze kichwa chake. Akikataa tena, tumia njia ya dharura: kopo lenye giza, lililojazwa tishu zilizokunjwa na kulowanishwa kidogo, kifuniko chenye tundu moja au mawili. Atasukuma tishu na kujifanyia chumba humo. Njia hiyo si ya aibu, na baadhi ya walezi huipendelea kwa sababu hawalazimiki kuchimba.

Sasa kosa kubwa: kuchungulia. Chini ya udongo kiwavi hageuki pupa mara moja. Kwa siku kadhaa hulala amefupika na kulegea ndani ya chumba chake, kisha hujivua ngozi mara ya mwisho, na pupa anayetoka huwa laini na wa kijani kibichi kwa saa nyingi kabla ya kuwa mgumu. Kijiko kikimfikia wakati huo kinatoboa. Chumba chake kikibomoka juu yake kabla hajakauka, atakauka amejipinda. Weka ndoo kivulini na uhesabu siku 12 tangu alipozama. Usitikise, usiinamishe, usimwage maji mengi. Ukavu ukizidi juu, nyunyiza pembezoni tu.

Siku ya 12 unaweza kuchimbua, kutoka ubavuni kuelekea katikati, kwa mgongo wa kijiko. Pupa ana rangi ya kahawia-nyekundu inayong'aa kama mbegu ya ukwaju iliyopakwa mafuta, urefu wa sentimita 5 hadi 6, na mbele ana mkono uliojikunja kama mkono wa birika. Humo ndimo mrija wa nondo unapojengwa. Usimshike kwa mkono huo kamwe, ukivunjika nondo hatakuwa na ulimi. Aliye hai akiguswa hutikisa tumbo kwa nguvu. Aliyekufa hunyooka, huwa mwepesi mkononi, na hatimaye hunuka.

Ukiwa na kioo cha kukuzia, unaweza kujua dume na jike. Mgeuze tumbo juu, utazame pingili za mwisho. Jike ana mfereji mwembamba kwenye pingili ya nane, dume ana ufa mfupi kwenye ya tisa, katikati ya vivimbe viwili vidogo.

Walaze pupa juu ya udongo au tishu nyevu, tumbo chini, kwenye sanduku lenye nafasi. Nyunyizia ukungu wa maji kila baada ya siku 2 au 3. Mvuke uguse hewa na udongo, usimwoshe pupa mwenyewe. Ukungu mweupe ukimea, mfute kwa pamba kavu, ubadilishe tishu na uongeze hewa. Kisumu wiki 2 hadi 3 zinatosha. Nakuru mwezi unaweza kupita na zaidi. Ikiwa bado anatikisika, hajachelewa.

Usiku wa kutoka

Siku moja au mbili kabla, ganda hugeuka jeusi, na mabawa yaliyokunjwa huonekana kwa ndani. Hapo weka kile kijiti kikiegemea ukuta wa sanduku, kikiwa na nafasi ya sentimita 30 angalau kutoka chini hadi juu, na upande wa ndani wa sanduku funika kwa gazeti au kitambaa kikwaruzi. Plastiki tupu ni mtego: nondo aliyetoka hujaribu kupanda, anateleza, anaanguka, na mabawa yake hukauka yakiwa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Hayatanyooka tena.

Mara nyingi hutoka giza likishaingia. Ganda linapasuka nyuma ya kichwa, nondo mnyevu anatambaa nje na kukimbilia juu. Akipata pa kushika hujining'iniza, na damu yake inasukumwa kwenye mishipa ya mabawa. Kwa nusu saa hivi mabawa yanakua mbele ya macho yako kutoka vijalada vidogo hadi urefu kamili, kisha yanahitaji saa 2 au 3 nyingine kukauka. Wakati huohuo anaunganisha mrija: hutoka ukiwa nusu mbili, naye huukunja na kuukunjua hadi zishikane na kuwa mfereji mmoja. Atadondosha pia maji machafu mekundu-kahawia. Si damu, ni taka ya siku zote alizolala ndani ya pupa.

Usimsaidie kutoka. Mkono unaovuta ganda huacha mabawa yakiwa hayajajaa. Akikwama kabisa, gusa ganda kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu na usubiri. Hewa kavu ndiyo hukwamisha, na hewa hiyo hupatikana zaidi Nakuru miezi ya kiangazi, Januari na Februari.

Kumwachilia

Mweke hadi jioni ya pili, mahali penye giza ili asijigonge. Machweo yakipita, fungua sanduku nje, karibu na maua. Kabla ya kuruka atatetemesha mabawa kwa dakika kadhaa. Haogopi: anapasha misuli ya kifua joto, maana mwili wake mzito hauwezi kuinuka ukiwa baridi. Nakuru atatetemeka muda mrefu kuliko Kisumu. Usimrushe hewani kabla hajamaliza, ataanguka chini na popo au paka atafika kwanza.

Akibaki kwako zaidi ya siku mbili, mlishe. Sukari sehemu 1 kwa maji sehemu 4, kwenye kifuniko cha chupa. Mshike mabawa juu kwa upole, ingiza sindano butu katikati ya mrija uliojikunja, uunyoshe hadi ncha iguse maji. Akionja huendelea mwenyewe. Kumzalisha ndani ya nyumba kunataka chumba kizima na maua mengi, na hakufai kwa anayeanza.

Maua ya kumkaribisha ni meupe au hafifu, yenye koo refu na harufu ya jioni: petunia, asumini, tumbaku. Wanaolima tumbaku upande wa Kuria wanaweza kumwona saa moja jioni bila kufuga chochote. Tarumbeta kubwa za datura nazo anazipenda, lakini mmea huo ni sumu kwa watoto, kwa hiyo usiupande uani. Frangipani humdanganya. Ana harufu ya kumwita, hana nekta, maji matamu ya ua, ya kumlipa.

Udanganyifu kama huo ndio unaokupa mapapai. Mpapai dume una maua yenye koo na nekta, mpapai jike hauna nekta kabisa. Nondo wa jamii hii hunyonya kwenye dume, huchafuka chavua usoni, kisha gizani hukosea na kujaribu ua la jike. Mwenye mipapai inayotoa maua mengi jike na matunda machache aangalie kwanza kama ana mpapai dume hata mmoja karibu, na kama taa ya usalama inawaka usiku kucha juu ya mipapai. Taa huwavuta nondo wazunguke humo badala ya kwenye maua, na asubuhi ndege huwaokota ukutani. Kando ya ziwa taa hizo hujaa pia wale wadudu wadogo wa ziwani hadi huwezi kuona balbu.

Ukiwa wewe ndiye mwenye shamba

Viazi vitamu huvumilia kupoteza majani, hasa mizizi ikishaanza kunenepa. Viwavi wachache kwenye shamba zima si sababu ya kupuliza dawa. Waokote kwa mkono asubuhi, na wale wenye vifuko vyeupe mgongoni waache palepale. Marando machanga ya wiki za kwanza ndiyo ya kulindwa zaidi. Baada ya kuvuna, kulima kunafukua pupa, na yangeyange wanaofuata jembe humaliza kazi. Mdudu wa kukukosesha usingizi ni fukusi anayetoboa kiazi chenyewe. Huyu mwenye pembe hali mizizi.

Udongo wa ndoo ukimaliza, uanike juani siku mbili na uupashe mvuke upya kabla ya kuutumia tena. Pupa ambaye hajatoka wala hatikisiki baada ya miezi miwili, mkate kwa wembe juu ya gazeti. Ukikuta unga mkavu, alikosa unyevu. Ukikuta maji meusi, ulimwagia mno. Ukikuta vidonge vya nzi, alikuja nao kutoka shambani, na msimu ujao anza na mayai.